Medali haiongezi mamlaka: sifa za Rais, servisi za Leta na kitabu cha Katiba

Kutoka mwezi wa tano mpaka mwisho wa mwezi wa sita, sisi wa Nundu tunapitia siku tatu kubwa za Leta. Tarehe 1 Mei ni siku ya wafanyakazi. Tarehe 17 Mei ni siku ya mapinduzi na ya majeshi. Tarehe 30 Juni ni siku ya uhuru. Bendera zinapandishwa, watoto wa shule wanapiga defile, redio inaleta hotuba kutoka Kinshasa. Na karibu kila mara katika hotuba hizo kuna servisi inayosifiwa: jeshi, polisi, watu wa duane, watu wa kodi, watu wa mines. Inaitwa nguzo ya taifa. Mara ingine mkubwa wake anavalishwa medali mbele ya watu.

Hatukatai. Askari aliyelala kwenye matope kwa kulinda kijiji anastahili neno zuri. Ajenti anayepima dhahabu bila kuiba anastahili pia. Lakini sisi tulio katika sendika ya wachimbaji tunajua kinachotokea wiki inayofuata, kule juu kwenye karieri. Kuna ajenti anayefika na kifua kimepanuka. Jana alikuwa anaomba, leo anaamuru. Ukimuuliza ni kwa haki gani, anajibu: "Hamukusikia redio? Sisi ndio macho ya Rais."

Hapo neno la sherehe linageuka kuwa gramu za dhahabu zinazotoka mfukoni mwa mtu. Ndiyo maana tumeona vizuri tuandike kwa lugha yetu, kusudi kila mchimbaji, kila mama anayetwanga mawe na kila mnunuzi wa dhahabu ajue tofauti. Sifa ya Rais ni kitu kimoja. Mamlaka ya servisi ni kitu kingine.

Medali inatoka wapi

Katiba yetu ilitangazwa tarehe 18 Februari 2006, ikarekebishwa Januari 2011. Kifungu cha 84 kinasema kwamba Rais wa Jamhuri ndiye anayetoa nishani na medali za taifa, kufuatana na sheria. Hiyo ni kazi yake halali, hakuna wa kumunyang'anya.

Lakini soma pia kifungu cha 79. Rais anaamua kwa karatasi inayoitwa ordonansi. Na ordonansi karibu zote zinahitaji sahihi mbili: ya Rais, kisha ya Waziri wa Kwanza. Chache tu zimeachwa nje ya kanuni hiyo, na za medali ni kati ya hizo chache. Sisi tunaielewa hivi: sahihi ya pili ni ya mtu ambaye serikali yake inajibu mbele ya wabunge, kwa kuwa karatasi itagusa maisha ya wananchi. Medali haigusi maisha ya mtu mwingine. Inamgusa aliyevalishwa, na familia yake inayopiga naye picha. Ndani yake hakuna kodi, hakuna adhabu, hakuna mpaka mpya wa karieri.

Hata tarehe 17 Mei yenyewe inatufundisha. Siku hiyo mwaka 1997, askari wa AFDL waliingia Kinshasa na Laurent-Désiré Kabila akajitangaza kuwa mkuu wa nchi. Sisi watu wa Fizi jina lake hatukulisikia kwanza redioni, kwani tangu 1967 alikuwa na chama chake cha PRP katika milima yetu ya Hewa Bora. Baadaye siku ile ikawekwa kwenye orodha ya siku za kupumzika. Orodha hiyo iko katika ordonansi ya tarehe 14 Mei 2014, na ikarekebishwa tena tarehe 30 Machi 2023, ambapo tarehe 6 Aprili iliongezwa kwa heshima ya Simon Kimbangu.

Ordonansi ya namna hii inafanya kitu kimoja, na inakisema wazi: siku hii ni ya kupumzika. Haisemi kwamba jeshi, kwa sababu siku ni yake, linaweza kuchukua nusu ya mfuko wa mchanga kwenye mlango wa shimo.

Nani yuko ndani ya Katiba, na kwa cheo gani

Watu wengi wanafikiri kila ofisi yenye bendera ni taasisi ya Jamhuri. Hapana. Kifungu cha 68 kinataja taasisi nne tu: Rais wa Jamhuri, Bunge, Serikali na Korti. Basi.

Mbali na hizo nne, Katiba inataja vyombo vingine kwa jina na inavipa kazi. CENI, ile tume ya uchaguzi, iko kwenye kifungu cha 211. CSAC, inayoangalia redio na magazeti, iko kwenye kifungu cha 212. Polisi iko kwenye vifungu vya 182 na 183: kazi yake ni usalama wa watu na mali zao, na hakuna mtu anayeruhusiwa kuigeuza kwa faida yake. Jeshi liko kwenye kifungu cha 187 na vinavyofuata. Kifungu cha 188 kinasema majeshi ni ya Jamhuri, yanatumikia taifa zima, yako chini ya mamlaka ya kiraia, na anayeyageuza kwa faida yake mwenyewe anahesabiwa kuwa amefanya usaliti mkubwa.

Ukisoma vizuri utaona kitu cha kushangaza. Kila mahali Katiba inapokipa chombo cheo, palepale inakifunga kamba. Inasema: wewe ni polisi, lakini siyo wa mtu. Wewe ni jeshi, lakini chini ya raia. Hotuba za sherehe zinachukua nusu ya kwanza ya sentensi na kuacha nusu ya pili.

Na zile servisi tunazokutana nazo kila siku kwenye karieri? SAEMAPE, inayotakiwa kutusaidia na kutuongoza sisi wachimbaji wadogo, iliundwa kwa dekrete mwaka 2003, wakati huo ikiitwa SAESSCAM. CEEC, inayopima na kutoa cheti cha dhahabu na mawe ya thamani, nayo ni ya dekrete ya mwaka 2003. Majina yao hayamo ndani ya Katiba. Zinaingia kwa mlango wa kifungu cha 193, pamoja na utawala wote wa Leta: utawala hauna chama, hauna upande, haupendelei mtu, na hakuna ruhusa ya kuutumia kwa faida ya mtu binafsi.

Hatusemi hivyo kwa kuzidharau. Servisi iliyoundwa na dekrete ni servisi halali, na kazi yake tunaihitaji sana. Bila mtu wa kuangalia mashimo, udongo unatufunika. Mwezi wa tisa mwaka 2020, kule Kamituga, mvua ilijaza mashimo na makumi ya wenzetu wakafia ndani. Tunachosema ni kwamba cheo cha servisi kinaonekana katika karatasi iliyoizaa. Medali hata kumi hazitaiongezea mstari moja katika karatasi hiyo.

Ngazi ya karatasi

Kusudi mtu asichanganyikiwe, tunaomba kila mwenzetu aishike ngazi hii kichwani. Juu kabisa ni Katiba. Chini yake ni sheria iliyopigiwa kura Bungeni na kutangazwa na Rais, kwa mfano Kodi ya Mines ya tarehe 11 Julai 2002, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018. Chini ya sheria kuna ordonansi za Rais, dekrete za Waziri wa Kwanza, kisha arete za mawaziri na za guvernere. Chini zaidi ni barua za ofisi, noti na sirkulere. Hotuba, pongezi, diploma ya heshima na picha pamoja na mkubwa hazina kidaraja hata kimoja kwenye ngazi hiyo.

Juu ya kodi, Katiba imekata maneno katika kifungu cha 174: hakuna kodi inayoweza kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Kifungu cha 65 kinatukumbusha upande wetu: kila Mkongomani ana lazima ya kulipa kodi na taksi zake. Vifungu hivi viwili ni ndugu. Anayekimbia kodi ya kweli anavunja kimoja, na anayetunga kodi ya uongo anavunja kingine.

Mfano uko hata kule bandarini Baraka. Dekrete ya tarehe 28 Machi 2002 inataja servisi nne tu zenye haki ya kufanya kazi mipakani: duane, iliyokuwa OFIDA na leo inaitwa DGDA, OCC, inayopima bidhaa, DGM, inayoangalia wasafiri, na servisi ya afya ya mpakani. Nne. Wewe unayeshuka na mashua kutoka Kigoma na magunia yako, hesabu mwenyewe ni vidole vingapi vinanyooshwa mbele yako kabla hujapata teksi. Kila kimoja kitakuambia kimetumwa na wakubwa. Muulize tu: wewe ni wa ngapi kati ya wale wanne?

Tangazo lenye nguvu, na tangazo la kupamba

Tusikosee upande mwingine. Kuna matangazo ya Rais yenye nguvu kubwa kabisa. Kifungu cha 85 kinamruhusu atangaze hali ya dharura ao hali ya kuzingirwa, nchi inapokuwa katika hatari. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 3 Mei 2021 kwa Ituri na Kivu ya Kaskazini: tangu tarehe 6 mwezi uleule, wanajeshi wakachukua nafasi ya maguvernere wa kiraia. Lakini angalia namna karatasi ile ilivyo. Ina namba, ina tarehe, inataja vifungu vya Katiba, inataja mikoa, ina siku thelathini tu, na kuiongeza kila siku kumi na tano kunahitaji ruhusa ya Bunge. Tangazo lenye nguvu linajulikana kwa mipaka yake. Tangazo la kupamba halina mipaka, kwa kuwa halina kitu cha kuwekea mpaka.

Hatari inakuja pale neno linapotembea mbele ya karatasi. Sisi wachimbaji tumeionja. Mwezi wa tisa mwaka 2010, Rais Joseph Kabila alitangaza kwamba kazi ya migodi isimame katika mikoa mitatu: Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Nia iliyosemwa ilikuwa nzuri: kukata mizizi ya watu wenye silaha waliokuwa wanakula migodi. Arete ya Waziri wa Mines ilifuata nyuma, mwezi uleule. Lakini neno lilikuwa limeshafika, na kwenye karieri kila mwenye kofia alilitafsiri kwa tumbo lake. Mmoja alisema mashimo yafungwe. Mwingine alisema yasifungwe, ila walipe kwanza. Watalaamu wa Umoja wa Mataifa waliandika baadaye kwamba katika machimbo fulani kazi haikusimama: ilibadilisha wenyewe tu, ikawa chini ya watu wenye bunduki, yaani walewale waliotakiwa kutolewa.

Katazo liliondolewa mwezi wa tatu mwaka 2011. Ile miezi sita, kutoka Misisi mpaka Kamituga, watoto walirudishwa nyumbani kwa kukosa minervali, wamama waliouza chakula karibu na mashimo walifunga meza, na vijana wengine walitafuta njia ya porini. Hatukumbushi haya kwa kumhukumu mtu. Tunakumbusha kwa sababu neno la mkubwa, likishuka bila karatasi iliyo wazi na bila tafsiri, linaangukia mikononi mwa yeyote anayesimama karibu na shimo.

Sendika ilipopewa heshima

Kuna somo lingine, na hili linatuhusu sisi wenyewe wa sendika. Wazee wetu wanakumbuka wakati wa Mobutu. Mwaka 1967 sendika kubwa tatu za nchi ziliunganishwa kuwa moja, UNTC, ambayo wakati wa Zaire ikaitwa UNTZA. Mwaka 1974 Katiba ikarekebishwa, na MPR ikawa taasisi pekee ya nchi. Sendika ikawa tawi la chama. Heshima ilikuwa nyingi: viongozi walikaa mbele kwenye sherehe za tarehe 1 Mei, wakatajwa kwenye hotuba, wakavaa abakosti nzuri. Lakini mfanyakazi aliyetaka kugoma alikuwa anagoma juu ya nani, ikiwa sendika yake na serikali yake ni mtu moja? Ilibidi kungojea hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 kusudi vyama vingi na sendika nyingi viruhusiwe tena.

Wazee husema: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Sisi tunaoishi chini ya michikichi tunalijua jambo hilo kwa ulimi. Sendika iliyosifiwa mno ilitia maji. Jeshi likisifiwa bila kuulizwa, linatia maji. Servisi ya mines ikisifiwa bila kukaguliwa, inatia maji.

Na leo? Fungua Katiba kwenye kifungu cha 38. Uhuru wa sendika unatambuliwa na kulindwa. Wakongomani wote wana haki ya kuunda sendika ao kuingia humo. Kifungu cha 39: haki ya kugoma inatambuliwa na kulindwa, kufuatana na sheria. Tunaomba msomaji asimame hapo kidogo. Sisi wenye nguo za udongo, ambao hakuna fanfari iliyowahi kutupigia, neno letu liko ndani ya Katiba. Yule ajenti anayetutisha na redio, jina la servisi yake halimo. Hatusemi tuko juu yake. Tunasema hana sababu ya kutuongelesha sawa watoto.

Ng'ambo ya ziwa, na mbali zaidi

Jirani zetu wa Tanzania wametuonyesha namna neno la Rais linavyoweza kupanda ngazi kwa taratibu. Tarehe 22 Januari 2019, Rais John Magufuli aliwaita wachimbaji wadogo Dar es Salaam, akawasikiliza juu ya kodi zilizokuwa zinawaumiza. Ilikuwa mkutano wa maneno tu, wenye makofi mengi. Lakini mwezi wa pili Bunge lao likabadilisha sheria, na wachimbaji wadogo wakaondolewa ile kodi ya ongezeko la thamani ya 18% na ile ya zuio ya 5%. Kuanzia mwezi wa tatu masoko ya madini yakaanza kufunguliwa, Geita kwanza. Mchimbaji wa kule akikutana na ajenti hana haja ya kumwambia "Rais alisema". Anamwambia "sheria inasema". Na kwa kuwa ziwa letu si ukuta, dhahabu inasikia haraka sana mahali ambapo kodi ni ndogo na inajulikana.

Katika Marekani, kila mwaka Rais anatia sahihi tangazo la kuheshimu Katiba yao, kwa tarehe 17 Septemba, siku iliyotiwa sahihi Philadelphia mwaka 1787. Analo lingine la tarehe 15 Mei, la kukumbuka polisi waliokufa kazini, kufuatana na sheria ya mwaka 1962. Karatasi hizo zina maneno mazuri na muhuri mkubwa. Zinawaalika watu wapandishe bendera, wakumbuke, wasali anayetaka. Polisi wa kule akikusimamisha barabarani siku inayofuata, haki yake ya kukusimamisha haikuongezeka hata nywele moja kwa sababu ya tangazo hilo. Heshima inakaa mahali pake, sheria inakaa mahali pake.

Kibanda chenye fremu

Tulete jambo moja tulilolishuhudia wenyewe, bila kutaja servisi wala karieri. Ajenti mmoja alijenga kibanda kwenye njia ya kushukia. Ndani alitundika fremu yenye kioo: fotokopi ya barua ya pongezi iliyotolewa kwa wakubwa wake siku ya sherehe, na bendera pembeni. Tangu siku fremu ilipopanda ukutani, malipo ya kila mfuko yalipanda pia. Mama aliyebeba mfuko akiuliza, anaonyeshwa fremu.

Hatukuvunja kibanda. Vijana walitaka, sisi tukakataa, kwa kuwa kibanda kikivunjwa kesi inageuka kuwa yetu. Tulituma watu watatu, mmoja wao mama mtu mzima anayejua kusoma Kifaransa. Alisalimia kwa adabu, akaisoma barua ile yote kwa sauti, kisha akauliza: "Baba, nimesoma mpaka mwisho. Mahali bei ya mfuko imeandikwa ni wapi?" Watu wakacheka, hata ajenti mwenyewe akacheka kidogo.

Kisha tukaandika. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka ombi, peke yake ao pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu ndani ya miezi mitatu, na hakuna mtu anayeweza kufuatwa kwa kosa la kuandika. Tuliuliza maswali matatu tu: karatasi gani imewaweka hapa, karatasi gani imeweka bei hii, na feza zinaingia kwenye hesabu gani. Jibu la maandishi lilichelewa. Lakini kibanda kilifungwa majuma mawili, na kiliporudi kilikuwa na kitabu cha kitansi chenye namba, na bei imeshuka mpaka ile ya zamani. Fremu iko palepale ukutani. Haitusumbui. Ni pambo.

Tunachoomba

Kwanza, kila servisi inayofanya kazi kwenye karieri ibandike mlangoni karatasi mbili: ile iliyoiunda na ile inayotaja bei zake. Mtu asiyejua kusoma atasomewa na mwenzake. Kila franka ipate kitansi.

Pili, wenye silaha wakae mbali na mlango wa shimo, wawe wa jeshi ao wa kundi lolote linalosifiwa kwa kulinda nchi. Kifungu cha 27 cha Kodi ya Mines kinakataza wanajeshi, polisi, watu wa usalama na mahakimu kuwa na haki za mines. Kusifiwa mjini kwa ushujaa wa mbele hakumpi mtu shimo nyuma. Tena machimbo yenye watu wa silaha hayapati alama ya kijani, na dhahabu yake haina njia safi ya kwenda sokoni. Hasara ni ya sisi wote.

Tatu, na hapa tunasema kwa ajili ya ajenti mwenyewe: alipwe. Wengi wao wanakaa mbali na familia, mishahara inachelewa, wengine wanaishi kwa ahadi. Leta inayompa mtumishi wake medali bila mshahara inamfundisha kula kwenye barieri. Heshima ya kwanza ya servisi ni mshahara, mizani iliyo sawa, kofia ya usalama na petroli ya kufika kwenye karieri kabla shimo halijaanguka.

Nne, kifungu cha 142 cha Katiba kinasema Serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, ndani ya siku sitini tangu kutangazwa. Kiswahili ni moja ya hizo nne. Kodi ya Mines ya tarehe 9 Machi 2018 siku zake sitini ziliisha mwezi wa tano mwaka uleule. Wale watakaokuja kutuhotubia tarehe 30 Juni, wakitaka kuziheshimu servisi za mines mbele yetu, walete makarto ya kitabu hicho kwa Kiswahili na kuyagawa kwenye sekta zote nne za Fizi: Tanganyika, Mutambala, Lulenge na Ngandja. Tutapiga makofi mpaka mikono iume. Kisha tutarudi karieri na kitabu mkononi, na ajenti akitufungulia redio, sisi tutamfungulia ukurasa.